Safari Haina Muhali



Juma lililopita mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa safu hii, alituletea neno kupitia kwa mke wa imamu wetu. Mwanawe wa pekee, kijana wa miaka 23, amenunua pikipiki ya porini, zile ndefu zenye matairi ya meno. Kila mwisho wa mwezi huondoka na wenzake kwenda kuzunguka Makueni na Kitui, na hurudi Jumapili usiku mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani hadi viatuni. Mama anatuuliza mambo mawili: huu ni mchezo au ni wazimu, na hao wenzake ni watu gani?

Swali la kwanza tumuwie radhi, kwani nasi tumo. Tumekwenda Ukambani kwa pikipiki zaidi ya miaka kumi, na neno hilo la wazimu nyumbani kwetu limekwisha kutumika. Swali la pili ndilo lenye uzito, na tutalijibu kwa urefu.

Wasiokujua huko tuwaeleze kidogo. Ukitoka Mombasa ukafika Mtito Andei, katikati ya njia ya Nairobi, umekwisha kuingia Makueni. Mbele yake ni Kibwezi, na hapo barabara ya Kitui hukatia kuume, ikavuka mto Athi na kupita Ikutha na Mutomo. Siku hizi ni lami tupu, na ndiyo maana vijana huiacha. Wao hutafuta vijia vya mbuzi, miteremko ya mawe, na zaidi ya yote mito ya mchanga. Mto Athi wenyewe si mgeni kwetu watu wa pwani. Ukikutana na Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, na ndio unaotia rangi bahari kaskazini ya Malindi kila mvua zinyeshapo bara.

Mito ya mchanga, kama Tiva na Thua kule Kitui, ni kitu kingine. Miezi mingi huoni tone la maji. Ni uwanja mpana mweupe baina ya kingo mbili, na maji yamo chini, ambako kina mama huyachimbua kwa kata na vibuyu. Wakamba wamejenga humo kuta za saruji zinazokingama mto ili mchanga ujikusanye na kuhifadhi maji. Makueni wana hata sheria yao ya mwaka 2015 ya kuulinda mchanga, kwa kuwa ukichotwa na malori, maji huondoka nao. Basi mwenye pikipiki haingii mtoni kama aingiaye kiwanjani. Huzima injini, husalimu, huuliza wapi pa kupita, na visima vya watu huvizunguka kwa mbali. Tumeona vijana waliopuuza adabu hii wakirudishwa kwa mawe, na hatukuwaonea huruma.

Namna ya kupita mchangani tulifundishwa na mwendesha bodaboda wa Mutomo, aliyetukuta tumelala chini mara ya tatu katika hatua mia moja. Yeye alikuwa amepakia mbuzi wawili na gunia la pojo, wala hakuyumba. Alituambia tupunguze upepo wa matairi kutoka pauni 30 hadi 18 au 20, tusimame juu ya vikanyagio, tutazame mbali na si gurudumu la mbele, breki ya mbele tuisahau, na tukiogopa tuongeze mafuta badala ya kupunguza. Hilo la mwisho moyo hulikataa kabisa, lakini ndilo kweli. Hakutaka malipo. Alitaka tu kujua pikipiki kubwa namna ile hubeba mbuzi wangapi, na tulipomwambia haibebi hata mmoja alitutazama kwa masikitiko.

Hapo ndipo tunapofika kwa hao wenzake. Sisi watu wa pwani tuna tabia moja nzuri ambayo njiani hugeuka kuwa sumu, nayo ni muhali. Tunaona muhali kumkatalia mtu, kumkosoa, kumwambia mkubwa wetu kwamba amekosea. Ugenini kwa watu, muhali ni heshima. Juu ya pikipiki tumeuona ukivunja mifupa.

Miaka sita iliyopita tulikuwa tukishuka milima ya Mbooni, watu watano. Asubuhi, kabla ya kuondoka, tuliona mnyororo wa pikipiki ya mwenzetu umelegea na kuning'inia. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi, fundi wa magari kwa kazi yake, na ndiye aliyetualika. Tukaona muhali. Tulijiambia bila shaka ameuona, nani sisi wa kumfundisha fundi? Katika kona ya tatu mnyororo ulitoka, ukajisokota, gurudumu la nyuma likakwama, naye akarushwa kwenye mfereji. Alivunjika mtulinga. Tulimshika mkono tukingoja gari, naye akasema kwamba usiku uliotangulia alitaka kuukaza, akapitiwa na usingizi. Neno moja letu lingetosha. Hatukumwambia siku ile kwamba tuliuona. Tulimwambia baada ya miezi miwili, nyumbani kwake, na uso wake ulivyobadilika hatujausahau. Mnyororo wenyewe haukumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kwamba tulijua.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi wenyewe, nacho tunakieleza kwa haya. Wakenya wote wanakumbuka tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilipozama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, huko huko Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa, na wengine walikuwa kando ya mto wakitazama. Tulizisoma habari zile, tukasikitika, tukaapa kwamba sisi hatutavuka maji yaendayo. Haikupita miaka miwili.

Oktoba 2023 ikielekea kwisha, vuli ile iliyokuja kuwa ya mafuriko ikianza tu, tulifika kingo za Tiva watu wanne. Mbingu juu yetu ilikuwa safi. Upande wa Kitui mjini, mto utokako, kulikuwa na wingu jeusi. Mchanga ulikuwa na maji membamba, hayafiki kifundo cha mguu, yenye povu na vijiti. Watatu walisema tungoje. Sisi tunaoandika safu hii tulisema tuvuke, kwa sababu Jumatatu tulikuwa na kazi Mombasa, na kwa sababu, tuseme kweli, tulikuwa tumechoka kuonekana waoga. Tukawasha.

Amiri wetu wa safari, seremala, mtu mpole asiyepandisha sauti hata dukani, alikuja akanyosha mkono, akazima pikipiki yetu, akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Hakusema kitu. Tulimwambia maneno ambayo jarida la familia haliwezi kuyachapa. Naye akakaa chini ya mgunga.

Mwenzetu wa nne, Mkamba na Mkristo, ambaye kwa miaka ya kufuatana nasi anajua kibla kiliko kuliko baadhi yetu, alitutafutia kivuli cha kuswalia. Tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza na kuchanganya, nyuma ya mtu tuliyetoka kumtukana. Tulipotoa salamu tulisikia sauti kama ya lori linalopanda mlima. Maji yalikuja mekundu, yamebeba gogo la mti mzima na mizizi yake, na pale tulipotaka kupita pakawa hapana tena.

Hakuna aliyesema neno. Ufunguo tulirudishiwa jioni, pamoja na kikombe cha chai, tulipokuwa peke yetu naye. Na tukiri: hata baada ya kuyaona yale maji, tulikuwa na kinyongo. Ilituchukua majuma matatu kwenda kugonga mlango wake. Alitufungulia, akatukaribisha, na alipoona tunatafuta maneno akatuuliza kama tumekwisha kubadilisha mafuta ya injini.

Mama yetu, wenzake wa kweli ni watu wa namna hiyo, na unaweza kuwapima bila kwenda Kibwezi. Muulize mwanao nani amiri wao. Mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) ni kwamba watatu wasafiripo wamweke mmoja awe kiongozi, na kundi lisilo na kiongozi ni watu walioelekea upande mmoja tu. Muulize nani hupanda wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho ndiye humwona aliyeanguka, na kazi hiyo hapewi mgeni. Muulize pia lini mara ya mwisho alikosolewa na mwenzake, na alikosolewa wapi. Akisema mbele ya watu na kwa kicheko, ingia wasiwasi. Akisema hajawahi kukosolewa, ingia wasiwasi zaidi.

Gharama usiulize, utaumwa na kichwa.

Jambo jingine dogo. Wakifika Makindu wakiwa na njaa, hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, humlisha kila msafiri bure, na chakula chao hakina nyama, kwa hiyo usiwe na shaka juu ya tumbo la mwanao. Sahani huosha mwenyewe, na kwa tunavyowajua vijana wetu hilo pekee ni faida ya safari.

Baada ya kupata neno lako tulimtafuta kijana, tukazungumza naye barazani. Ni msikivu, ila ana haraka, kama tulivyokuwa. Tuliitazama pikipiki yake: mnyororo uko sawa, lakini tairi la nyuma limekwisha meno, na tulimwambia hapo hapo. Alinuna kidogo. Siku ya pili alileta jipya.

Jumamosi ijayo, in shaa Allah, tunaondoka baada ya alfajiri kwenda Mutomo. Atakuwa wa tatu katika msafara, mbele ya seremala, na pampu ataibeba yeye.