Mhudumu wa Afya Naye Ana Nyumba Yake

Mwezi huu kalamu yetu inaelekea Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu. Wengi wetu tunapafahamu mahali hapo kwa vitunguu vyake tu. Ni nchi ya joto na mbu, yenye wakulima wa umwagiliaji, wafugaji wa Kidatoga na wawindaji wa Kihadzabe. Na msimu wa mavuno unapowadia, vibarua humiminika kutoka kila upande. Wote hao wakiugua, huwategemea wahudumu wachache wa zahanati.

Tuseme wazi kwamba tunawachosha. Uzazi haungoji mapambazuko, wala homa kali ya mtoto. Kwa hayo hakuna wa kulaumiwa. Lakini yupo amwamshaye muuguzi saa nane za usiku kwa kidonda cha wiki tatu, kwa kuwa mchana alikuwa shambani. Asubuhi muuguzi huyo huyo akichelewa kufungua mlango, husemwa vibarazani.

Salman al-Farisi (r.a.) alipomkuta Abu Dardaa ameisahau nyumba yake kwa ajili ya ibada, alimzuia, na Mtume (s.a.w.) akamuunga mkono Salman. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka, itakuwaje zamu ya usiku?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Na mama anyonyeshaye hupewa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Lakini penye mhudumu mmoja, nani atamshikia zamu akienda kunyonyesha? Likizo huahirishwa, na mwaka hupita.

Masomo ndiyo magumu zaidi. Kwa utaratibu ulioanza 1963, tabibu mwenye uzoefu aliweza kusoma miaka miwili akawa daktari msaidizi, akarejea wilayani hata kufanya upasuaji wa uzazi. Mafunzo hayo yalisitishwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Atakaye kuwa daktari leo hana budi kukaa chuo kikuu miaka mitano, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, huku watoto wake wakihitaji ada. Wapo wasemao kwamba aendaye kusoma amekitupa kijiji. Hatuafikiani nao hata kidogo: aliyenyimwa masomo ataomba uhamisho, na hapo ndipo hatarudi kabisa.

Kamati za zahanati zina wajumbe wanaotoka miongoni mwa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Waumini waende, waulize: wahudumu wetu wangapi? Likizo ya mwisho walikwenda lini? Akienda kusoma mmoja, nani ameombwa kushika nafasi yake? Na mhudumu wa pili akiletwa, atalala wapi? Nyumba ya vyumba viwili, msimu ambao vitunguu vimepata bei, si mzigo wa kuishinda Mang'ola.