Pengo la gego lisipuuzwe

Ndugu msomaji, hebu pitisha ulimi nyuma ya mdomo wako, kule kwenye magego. Huenda ukakuta pengo moja au mawili. Wengi wetu waishio mijini, gego likiuma siku tatu, huenda likang'olewa, tukalipa, na kesho yake tukarejea kazini. Maadamu pengo halionekani tunapocheka, twajiambia hapana hasara. Lakini jino la mbele likitoka, mtu yuko radhi hata kumkopa shemejiye ili lirudishwe! Huku ni kutanguliza sura na kuisahau afya.

Mfupa wa taya hudumu kwa sababu una mizizi ya meno ya kuushughulisha. Jino likishang'olewa, mfupa wa mahali pale huanza kuyeyuka, na takriban nusu ya upana wake yaweza kupotea katika mwaka wa kwanza, hasa ile miezi mitatu ya mwanzo. Isitoshe, meno jirani huinamia pengo, nalo la upande wa pili lililokosa mwenzake huanza kutokeza. Mwishowe mtu hutafuna upande mmoja, na nyama choma aiogope.

Kuna watakaosema kwamba wazee wa Kiluo na wa Kimaasai waling'olewa meno kimila na bado wakala nyama hadi uzeeni. Ni kweli. Lakini yaliyotolewa yalikuwa meno ya mbele ya chini, ambayo kazi yake ni kukata. Magego, yaani mawe ya kusagia, waliyaacha.

Siku hizi yapo meno ya kupandikizwa. Msingi wake uliwekwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza damu ndani ya mifupa ya sungura, akagundua kwamba vyombo vyake vya titaniamu vimeshikana na mfupa kabisa, havitoki. Mnamo 1965 alimpandikizia binadamu wa kwanza. Daktari hutia ganzi, akapachika skrubu ndogo ya titaniamu ndani ya taya, kisha husubiriwa miezi mitatu hadi sita ishikane na mfupa ndipo jino lenyewe lifungwe juu yake.

Sasa waona kwa nini nasema usikawie. Skrubu yahitaji mfupa wa kuishika. Aliyekaa na pengo miaka kumi huenda akaambiwa aongezewe mfupa kwanza, na hiyo ni gharama nyingine juu ya ile ambayo tayari, kwa jino moja, mara nyingi hupita shilingi 100,000.

Kwa mshahara wa wengi wetu, hizo si pesa za mchezo. Wala si kila mtu afaaye. Mvutaji sigara, mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa na mwenye ufizi unaotoka damu wamo hatarini kupoteza skrubu hiyo na fedha zao. Daktari asiyekuuliza habari hizo kabla ya kutaja bei, mkimbie. Meno bandia ya kuvaa na kuvua hayazuii mfupa kupungua, lakini hutafuna, na sioni aibu yoyote kuyavaa. Daraja nalo hufaa, ila meno mawili ya kando hupunguzwa ili kulibeba, na hilo hunikera pale meno hayo yanapokuwa mazima.

Wakati mwafaka wa kuuliza haya yote ni kabla ya koleo kuingia mdomoni. Muulize daktari kama jino laweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi. Mara nyingi laweza, na kwa bei ya chini kuliko kupandikiza. Kama haliwezi, akueleze siku hiyo hiyo litawekwa nini mahali pake, na lini. Ukikutana na anayetangaza bei ya kutupa, litafute jina lake katika rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambayo iko wazi kwa kila mtu, kabla hujalipa hata shilingi.