Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa

Kuna mazoea yaliyoota mizizi miongoni mwetu ya kukipima kila kitu kwa upya wake. Kilichotoka kiwandani jana huhesabiwa kuwa bora kuliko kilichotoka juzi, na anayethubutu kuuliza sababu huambiwa kwamba amepitwa na wakati. Wahenga walilijua gonjwa hili, ndiposa wakasema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao walituachia pia kipimo cha kulitibu: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Katika makala haya nanuia kukitumia kipimo hicho kwa chombo ambacho walimu wenzangu wanakijua vyema, na ambacho wanafunzi wetu wengi wamekisikia tu kikitajwa na babu zao. Nazungumzia ile baiskeli nyeusi, ndefu na nzito, iliyoundwa kwa feleji, ambayo Wakenya waliipa lakabu ya Black Mamba.

Leo hii ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Isebania hadi Rongo, ukapitia Migori na Awendo, kisha ukakata kuelekea Homa Bay, utapishana na pikipiki zisizo na idadi. Black Mamba utaziona moja moja, aghalabu mikononi mwa wazee. Zamani, wakati kaunti hizi mbili za leo zilipokuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, hali ilikuwa kinyume. Ndiga, kama Wajaluo wanavyoiita baiskeli, ndiyo iliyomfikisha mwalimu shuleni na muuguzi zahanatini. Ilibeba magunia ya omena kutoka Karungu, Muhuru, Sindo na Mbita. Ilipeleka mahindi kwenye mashine ya kusagia na mgonjwa hospitalini. Wengi wetu tulifika shule ya bweni kwa mara ya kwanza tukiwa tumeketi juu ya keria, sanduku la bati likiwa limefungwa kwa mpira nyuma yetu.

Umbo la baiskeli hiyo lina historia ndefu. Mwaka wa 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaolizungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop akiwa Belfast alipata hataza ya gurudumu la mpira uliojazwa hewa. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ililichukua umbo hilo na kulisambaza katika makoloni ya Uingereza. Uingereza ilipoanza kupungukiwa, viwanda vya Asia viliendeleza kazi: Flying Pigeon ilianza kutengenezwa Tianjin, Uchina, mwaka wa 1950, na kampuni ya Hero ikaanzishwa Ludhiana, India, mwaka wa 1956. Waundaji hawa wote walifuata karibu ramani moja. Kwa sababu hiyo, fundi wa Oyugis au wa Kehancha aliweza, kwa sehemu kubwa, kutia kipuri cha Kihindi katika baiskeli ya Kiingereza, na mwenye baiskeli akaendelea na safari yake.

Ni nini basi kilichoiondoa barabarani? Wasomaji watakumbuka kwamba uchukuzi wa boda boda ulizaliwa kwa baiskeli za aina hii mpakani Busia katika miaka ya 1960, ukaenea katika miji ya Nyanza miaka ya 1990. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa pikipiki ndogo, zile zisizozidi ujazo wa 250 cc. Kuanzia hapo vijana waliokuwa wakikanyaga pedali waliingia katika injini. Simlaumu yeyote kwa hilo. Anayejua uchovu wa kumpandisha abiria mlima kwa nguvu za magoti hawezi kumlaumu kijana aliyetafuta nafuu.

Ninalolilaumu ni lile lililofuata. Baiskeli zilizoegeshwa ghalani zilianza kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mnamo Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya wizi wa vyuma vya milingoti ya umeme na vya reli. Hakuna aliyeililia baiskeli ya babu. Chombo kilichomsomesha mtu hadi chuo kikuu kinapimwa kwa mizani kama mabati yaliyooza, na bei yake haitoshi kununua jozi ya viatu vya shule.

Wapo watakaosema kwamba mapenzi ya baiskeli kuukuu ni majonzi ya wazee tu. Huko London, tangu mwaka wa 2009, hufanyika matembezi ya watu wanaovaa mavazi ya kale na kuendesha baiskeli za zamani, na Ulaya kwa jumla wapo wanaozitafuta kwa udi na uvumba ili wazipambe nyumbani. Kwao baiskeli hiyo ni kumbukumbu. Mimi naitetea kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba imeundwa kwa namna inayomwezesha mtu wa kijijini kuimiliki kikamilifu, yaani kuielewa na kuitengeneza.

Tuanze na mali ghafi yake. Feleji ni mchanganyiko wa chuma na kaboni kidogo. Ina sifa moja ambayo mwalimu wa fizikia atafurahi kuieleza: maadamu mzigo haujapita kiwango fulani, feleji yaweza kutikisika na kurudi mara zisizohesabika bila kupata ufa. Ikizidiwa, kwa kawaida hupinda kabla ya kukatika, na kilichopinda chaweza kunyooshwa. Alumini, inayotumiwa katika baiskeli nyingi za kisasa, haina kikomo cha namna hiyo. Kila mtikisiko huacha athari, hata iwe ndogo, na waundaji hulazimika kuyafanya mabomba yake yawe manene ili kuuahirisha ufa. Fremu ya alumini iliyoundwa kwa ustadi hudumu miaka mingi, hilo sikatai. Lakini siku itakapopasuka, kuiunga kwahitaji gesi maalumu na ujuzi ambao fundi wa soko la Ndhiwa hana. Ile ya feleji huungwa chini ya mwembe, kwa shaba iliyoyeyushwa, kama ilivyoungwa kiwandani.

Kisha kuna umbo lenyewe. Magurudumu ya inchi 28 huvuka mashimo ambayo gurudumu dogo lingetumbukia. Umbali baina ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mkubwa, na bomba la usukani limelala kidogo, kwa hiyo baiskeli hutulia hata ikiwa na gunia nyuma. Breki zake huvutwa kwa fito za chuma, si kwa waya unaoota kutu ndani ya ala yake. Mnyororo wake ni mmoja na gia yake ni moja, na karibu kila sehemu hufunguka kwa spana chache.

Haki yanitaka nitaje pia dosari zake, nazo si ndogo. Uzito wake hukaribia kilo 20, na katika milima ya Gwassi gia hiyo moja humlazimu mwendeshaji kushuka na kusukuma. Mvua ikinyesha, ringi za chuma huteleza na breki hupungua nguvu, jambo la hatari kwenye mteremko. Katika udongo mweusi wa Nyatike na bonde la Lambwe, matope hujaa baina ya taya na madigadi hadi gurudumu likagoma. La mwisho ndilo zito zaidi kwangu nikiwa mwalimu: lile bomba la juu lilimzuia msichana aliyevaa sketi, na kwa muda mrefu baiskeli ikawa mali ya baba na kaka. Palikuwa na miundo ya wanawake yenye bomba lililoshushwa, lakini haikununuliwa kwa wingi. Anayesema kwamba ubunifu mpya haukuhitajika anajidanganya.

Ugomvi wangu, kwa hiyo, si na upya. Ni na upya wa kujipamba. Angalia baiskeli nyingi zinazouzwa leo kwa jina la baiskeli za milimani. Zina gia 18 au 21, springi mbele na nyuma, rangi za kung'aa na pedali za plastiki. Mzazi huinunua kwa furaha mwezi wa Januari. Kufikia muhula wa tatu kibadilishi cha gia kimepinda, springi imeshika kutu, na fundi anamwambia mwenyewe akatafute kipuri Kisumu au Nairobi. Baiskeli huangikwa ukutani na mtoto hurudi kutembea kwa miguu. Tajiri wa mjini akipatwa na hayo amepoteza mchezo wa Jumapili. Msichana wa Nyatike amepoteza saa mbili za kila siku ambazo angezitumia kusoma.

Thamani ya saa hizo imepimwa. Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka wa 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununulia baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash waligundua kwamba idadi ya wasichana walioandikishwa katika ngazi hiyo iliongezeka kwa takriban asilimia 32. Nchini Zambia, uchunguzi uliofanywa katika shule za mashambani ulionyesha kwamba wasichana waliopewa baiskeli walipunguza muda wa safari kwa karibu theluthi moja, na siku za kukosa shule zikapungua kwa asilimia 28. Faida hiyo hupatikana maadamu baiskeli inatembea.

Baiskeli zilizotolewa Zambia zaitwa Buffalo, nazo zathibitisha hoja yangu. Zilibuniwa na shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka wa 2005 baada ya janga la tsunami katika Bahari ya Hindi, na leo zinapatikana Kenya pia. Ni muundo mpya, lakini waundaji wake walikaa kitako wakaisoma Black Mamba. Fremu ni ya feleji nene, keria imekusudiwa kubeba kilo 100, na breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu, hufanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, mvua isiidhuru. Zaidi ya hayo, shirika hilo huwafunza mafundi na kuhakikisha vipuri vinapatikana. Hivyo ndivyo kitu kipya kinavyopaswa kurithi cha kale: kuchukua nguvu zake na kuziba dosari zake.

Nina maombi mawili. La kwanza nawaelekezea wazazi, kamati za shule na viongozi wa Migori na Homa Bay wanaonunua au kugawa baiskeli kwa wanafunzi. Kabla ya kulipa, ulizeni maswali matatu. Je, fundi wa soko lililo karibu na shule aweza kuifungua na kuifunga kwa vifaa alivyo navyo? Je, taya, tiubu, mnyororo na gololi zake zinauzwa katika soko hilo? Je, msichana aliyevaa sare aweza kuipanda bila taabu? Baiskeli inayoshindwa katika swali lolote kati ya hayo isinunuliwe, hata ikiwa picha yake inapendeza siku ya kukabidhiwa.

La pili nawaelekezea walimu wenzangu, hasa wale wa sekondari msingi wanaofundisha stadi za awali za ufundi na ambao kila siku hulalamika kuwa hawana vifaa. Baiskeli kuukuu ya feleji ni maabara kamili yenye magurudumu. Hesabuni meno ya gia pamoja na wanafunzi. Ikiwa mbele mna meno 48 na nyuma 18, gurudumu huzunguka mara 2.67 kwa kila mzunguko wa pedali. Mzingo wa gurudumu la inchi 28 ni kama mita 2.23, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali humsogeza mwendeshaji karibu mita 6. Mwageni maji kwenye ringi muone msuguano unavyopungua. Fungueni kitovu cha gurudumu mzione gololi na grisi. Kisha mwalikeni fundi wa sokoni aje mbele ya darasa. Wanafunzi watamwona mtu ambaye pengine hakumaliza shule akiwafundisha fizikia kwa vidole vyake, nao watajifunza kumheshimu.

Mwanafunzi naye ana kazi ya kufanya likizo hii. Nenda kwa babu yako, umwamkie, umwombe akuonyeshe baiskeli iliyo nyuma ya ghala. Mwulize aliinunua kwa mauzo ya nini, na ni nani waliosomeshwa kwayo. Ipanguse, itie mafuta mnyororo, ukaitie upepo. Fanya hivyo mapema, kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu kufika hapo na mizani yake.