Tope la Lemara na jiwe la Mirihi

CHINI YA MERU
Na Eliakimu Nnko

Sisi tulioishi Lemara muda mrefu hatuhitaji kuelezwa harufu ya bwawa la majitaka. Upepo ulipogeuka jioni, tulifunga madirisha kwanza, mengine yalifuata. Sasa mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha umechimba mabwawa mapya kule Terrat, na sijasikia jirani aliyenung'unika. Ila Septemba 2025, NASA walipotangaza kwamba huenda wameona alama ya uhai wa kale katika sayari ya Mirihi, nilijikuta nikiyakumbuka yale mabwawa ya zamani kwa heshima ambayo sikuwahi kuyapa.

Jiwe lenyewe wamelipa jina la Cheyava Falls. Roboti ya Perseverance, iliyotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, ililikuta Julai 2024 katika bonde ambalo zamani maji yalipita kuingia katika ziwa la Jezero, ambalo leo ni shimo kavu. Ni tope lililogeuka mwamba. Lina rangi ya kutu, na juu yake kuna madoa yaliyofifia yenye ukingo mweusi. Wanasayansi wenyewe wanayaita madoa ya chui. Vipimo vilionyesha kwenye madoa hayo dalili za madini mawili: vivianiti, ambayo ni chuma na fosfeti, na greigiti, ambayo ni chuma na salfa. Hapa duniani madini haya mara nyingi hutokea kwenye tope lisilo na hewa, ambamo bakteria wanakula mabaki ya viumbe wengine na, kwa kukosa oksijeni, wanatumia chuma au salfa badala yake. Vivianiti hasa si kitu kigeni kwa mafundi wa majitaka. Hupatikana kwenye tope la mitambo yao, na wakati mwingine huwazibia mabomba.

Kwa hiyo, bila kutia chumvi, habari kubwa ya sayansi mwaka ule ilihusu tope la aina ile ile tuliyokuwa tukiifungia madirisha.

Kijiweni mjadala haukuchukua muda. Kijana mmoja wa bodaboda alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Yaani mabilioni yote hayo wanatafuta wadudu? Si waje hapa Mto Themi, wachote bure!" Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini yule kijana alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia.

Mirihi ya leo si mahali pa kuishi. Kanieneo ya hewa yake haifiki asilimia moja ya yetu, na hewa hiyo karibu yote ni kabonidioksidi. Wastani wa baridi ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, hata hivyo, ilikuwa na mito na maziwa. Ndiyo maana hakuna mtu makini anayetafuta watu kule, wala ng'ombe. Kinachotafutwa ni alama iliyoachwa na vijidudu vilivyokufa zamani mno, na kusoma alama ni kazi ngumu. Mkoa wa Arusha una uzoefu wa kazi hiyo kuliko sehemu nyingi za dunia.

Chukua mwaka 1976. Tarehe 20 Julai chombo cha Viking 1 kilitua Mirihi, na Viking 2 kikafuata Septemba 3. Vilichota udongo, vikautilia maji yenye virutubisho, kisha vikasubiri kuona kama kuna kitakachokula na kupumua. Gesi ikatoka! Lakini kipimo kingine kilipotafuta kemikali za kaboni ambazo kila kiumbe hai anazo, hakikupata cha kutosha kuaminika. Wengi wakahitimisha kwamba ile gesi ilikuwa kemia ya udongo tu. Gilbert Levin, aliyebuni kipimo cha kwanza, alishikilia mpaka alipofariki mwaka 2021 kwamba walikuwa wameuona uhai. Mwaka 2008 chombo kingine, Phoenix, kikakuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi za pakloreti. Chumvi hizo zikipashwa moto huunguza kaboni, na kipimo cha Viking kilifanya kazi kwa kupasha moto. Inawezekana basi kwamba kilikuwa kinauchoma ushahidi kiliotumwa kuutafuta. Ilichukua miaka zaidi ya 30 kulifahamu hilo, na hakuna aliyeweza kurudi pale pale kuchota upya.

Mwaka huo huo wa 1976, kule Laetoli wilayani Ngorongoro, watafiti wa kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, mchezo wa watu wazima waliochoshwa na jua. Andrew Hill alianguka akikwepa, macho yakawa karibu na ardhi, akaona nyayo za wanyama zilizogandia katika majivu ya volkano. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu waliotembea wima kwa miguu miwili, mstari wa karibu mita 27, wenye umri wa miaka milioni 3.66.

Hebu pima bahati iliyohitajika. Majivu yamwagike. Mvua inyeshe, lakini manyunyu tu, isiwe ya kusomba. Wapita njia wapite yakiwa bado mabichi, jua liyakaushe, halafu majivu mengine yafunike kabla upepo haujafuta. Hakuna mfupa hata mmoja wa wale waliopita pale uliobaki kwenye mstari ule, na bado tunajua walipita, tunajua na walivyokanyaga. Watu wa Perseverance wanatafuta kitu cha namna hiyo: tope lililopokea alama, kisha likafunikwa mapema.

Kisa kinachonivutia zaidi cha Laetoli lakini ni cha nyayo nyingine, chache, zilizoonekana nazo mwaka 1976 katika eneo walilolipa jina la A. Zilikuwa pana, fupi, na hatua moja ilivuka mbele ya nyingine kwa namna ya ajabu. Wapo waliosema ni dubu aliyetembea kwa miguu miwili. Zikaachwa, mvua ikazifukia. Mwaka 2019 timu ikarudi kuzifukua, akiwemo Charles Musiba, mzaliwa wa Tanzania, na mwaka 2021 jarida la Nature likachapisha matokeo: hapakuwa na dubu, ni kiumbe wa ukoo wetu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, timu iliyoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitangaza nyayo mpya kabisa, zilizoibuka walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho.

Miaka 45 kuondoa dubu mmoja kwenye vitabu, tena hapa nyumbani, ambako unaweza kurudi na koleo, brashi na kamera. Kule Jezero hakuna wa kurudi. Perseverance ilitoboa lile jiwe lenye madoa, ikahifadhi kipande ndani ya kibomba kilichofungwa, na kibomba bado kiko huko. Aprili 2024 NASA walisema gharama ya kuvileta vibomba hivyo ingeweza kufika dola bilioni 11 na kazi isikamilike kabla ya mwaka 2040, na tangu hapo mpango umekuwa ukisuasua. Mpaka siku vitakapofika, kilichobaki ni kunoa macho hapa duniani, mahali penye mazingira yanayofanana na yale.

Na macho bado hayajanolewa vya kutosha. Kule Dallol, kaskazini mwa Ethiopia, kuna chemchemi zenye joto kali, asidi na chumvi kwa pamoja. Mwaka 2019 timu mbili zilitoa majibu mawili. Moja ilisema imekuta vijidudu vidogo mno. Nyingine, iliyokuwa na Purificación López-García, ikasema katika madimbwi makali zaidi hakuna kinachoishi, ikaonya pia kwamba punje za madini zinaweza kujiunda zikafanana na seli. Kama watu waliosimama kando ya maji, wenye darubini na maabara, wanaweza kutofautiana kiasi hicho, mwache anayesoma picha iliyotumwa na roboti aseme "huenda".

Hapa ndipo narudi kwa yule kijana, kwa sababu wanasayansi wa mambo haya kweli wamezoea kuja kuchota kwetu. Ziwa Natron lina maji makali kiasi cha kuvuka 10 kwenye kipimo cha pH, na sehemu zisizo na kina huchemka kwa jua mpaka mguu haukai. Jangwa la maji, ungesema. Kumbe heroe wadogo, hawa tunaowaita flamingo, wameligeuza wodi ya wazazi: takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa pale. Kwenye chemchemi za pembeni kuna perege walioizoea hali hiyo. Ziwa likipungua hufunikwa na utando mwekundu, na wekundu huo ni uhai, ni vijidudu vinavyopenda chumvi. Wekundu wa Mirihi ni kutu. Anayezitazama sehemu zote mbili kutoka angani anaona rangi moja, na asiyewahi kusoma utando wa Natron hana cha kulinganishia.

Juu ya ziwa umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani ambayo leo hutoa lava ya kaboneti, nyeusi ikitoka na nyeupe baada ya kukutana na unyevu. Mojawapo ya madini yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Ni wanafunzi wangapi wa Arusha wamewahi kuambiwa hilo?

Si lazima kwenda mbali hivyo. Momella, kwa anayetoka Lemara, ni kupita Tengeru na Usa River, kukunja kuelekea Ngurdoto, basi. Maziwa yale yalizaliwa upande mzima wa Mlima Meru ulipoporomoka, na ni ya magadi. Na asiye na nauli anunue fungu la magadi genge lililo karibu, yale mabonge ya kijivu tunayotia kwenye makande yaive upesi. Livunje, uligeuze juani. Zile fuwele zinazometa zilipokuwa zikijiunda zilifungia ndani matone ya maji ya ziwa, madogo yasiyoonekana kwa macho. Watafiti wameshakuta, ndani ya matone ya namna hiyo katika fuwele za chumvi, vijidudu vilivyo hai muda mrefu baada ya maji kukauka. Mirihi nayo ina mabonde ya chumvi iliyoachwa na maji yaliyotoweka. (Msizidishe magadi kwenye chungu, lakini. Yana floraidi, ile ile inayotupaka meno rangi ya kahawia.)

Sasa, tumefanya nini na utajiri huu? Wakenya walijifunza kwa uchungu. Vijidudu vilichukuliwa kwenye maziwa yao ya magadi, vikapelekwa Ulaya, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia viwandani, kwenye sabuni na kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza kudai mgawo kutoka kampuni ya Genencor, nayo kampuni ikashikilia kwamba taratibu zilifuatwa. Sisi mjadala wetu mkubwa kuhusu Natron ulikuwa wa kiwanda cha magadi, mpaka kampuni ya Tata ya India ilipojitoa mwaka 2008 na macho yakahamia Engaruka. Tulibishana kuhusu heroe na ajira, na yote mawili ni ya maana. Vile vijidudu vya magadi vinavyowalisha heroe, ambavyo sayansi ya Mirihi inavihitaji kama mwashi anavyohitaji timazi, sikumbuki kusikia vikitajwa jukwaani.

Wapo watakaosema niache anasa, watoto wa Lemara wanahitaji madawati. Nakubali kuhusu madawati. Lakini sijaomba roketi. Masao hakuhitaji roketi. Alihitaji ruhusa, vijana waliofundishwa, brashi, na kuwa mwenye kusimamia kazi badala ya kubebea wageni mizigo. Nyayo za 2016 zina majina ya Watanzania mwanzoni mwa ukurasa kwa sababu hiyo.

Pale Tengeru tuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, umbali wa daladala mbili kutoka hapa nilipo. Ipewe fungu la kuanzisha hifadhi ya vijidudu vya Natron, Momella na maziwa mengine ya magadi, yenye majokofu na umeme wa akiba. COSTECH, wanaotoa vibali vya utafiti, waweke sharti moja lisilojadiliwa: kila sampuli inayotoka nchini iache nusu yake Tengeru, na kila timu ya kigeni iwe na mtafiti wa Kitanzania atakayeandika, si wa kuonyesha njia tu. Na walimu wa biolojia wa sekondari za Arusha, ziara ya kidato cha tatu mwaka huu msiipeleke Momella kupiga picha twiga peke yake. Bebeni darubini na chupa, mchote maji.