TUZO ZA TOVUTI: NANI ALIKAGUE GWARIDE HILI?

Desturi ya kuwatunukia mafundi wanaobuni tovuti imeenea duniani, na Afrika ya Mashariki nayo haikubaki nyuma. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni mchezo wa vijana wa mjini, wala halimhusu askari wa jeshi au wa polisi. Sisi hatuafiki mawazo hayo. Tovuti ya idara ya serikali siku hizi ni mlango wa ofisi, na yule anayetoa tuzo ndiye anayewafundisha mafundi mlango bora ni upi. Akipima rangi peke yake, mafundi watapaka rangi. Akipima kufuli pia, watatia kufuli. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: tuzo hizi hupima nini, na nani anayeshika kipimo?

Mashindano yaliyotangulia kupata sifa ni Webby, yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1996. Waamuzi wake huangalia mambo sita: maudhui, mpangilio, sura, utendaji kazi, namna tovuti inavyoshirikiana na mtumiaji, na hali yake kwa ujumla. Katika kila fungu hutolewa tuzo mbili, moja ya waamuzi na nyingine ya kura za umma. Tena mshindi haruhusiwi kusema zaidi ya maneno matano jukwaani, kanuni ambayo wengi wetu tungependa ifuatwe hata katika mikutano ya kwetu.

Mwaka 2009, huko Hispania, yalianzishwa mashindano mengine yaitwayo Awwwards. Haya hugawa alama kwa asilimia: sura 40, urahisi wa kutumia 30, ubunifu 20 na maudhui 10. Msomaji na azitazame tarakimu hizo kwa makini. Maana yake ni kwamba yale yanayosemwa na tovuti yana uzito wa robo tu ya jinsi inavyopendeza. Hatuwalaumu waanzilishi, kwa sababu hayo ni mashindano ya mafundi kupimana ufundi wao, na fundi ana haki ya kushindana na fundi mwenzake. Kosa litakuja pale ambapo dola au taasisi ya umma itaazima mizani hiyo na kuitumia kupimia tovuti za wananchi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Jina la Nyarusange liko Gitega na liko Muyinga pia. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza, na Gitega ikabaki na jina lake katika mkoa uliopanuliwa. Sasa mkuu wa kituo cha polisi apokee habari usiku kwamba kuna ajali au wizi Nyarusange, naye aifungue tovuti ya utawala apate kujua ni Nyarusange ipi na nani wa kupigiwa simu. Akikuta picha nzuri ya ngoma zetu na milima ya kijani, lakini orodha ya tarafa ni ile ya zamani na nambari za simu hazipo, ukurasa huo utakuwa umemsaidia nini? Kwa mizani ya asilimia 40 ya sura, huenda ukapewa nishani. Kwa mizani ya mkuu yule wa kituo, haustahili hata alama moja.

Yako mambo mengine ambayo jopo la waamuzi lililoketi mjini, mbele ya kompyuta kubwa, haliwezi kuyaona. Ukurasa wenye uzito wa megabaiti 5 humgharimu mtumiaji mara kumi ya ule wenye kilobaiti 500. Askari aliye mbali na kwao, kama walivyokuwa wale wa Burundi waliopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007, hununua intaneti kwa kipimo. Mkulima wa Nyarusange naye hununua kwa kipimo, tena kwa simu ndogo ya mkononi. Zaidi ya hayo kuna suala la lugha. Tovuti inayozungumza Kifaransa peke yake katika nchi ambayo karibu kila raia anajua Kirundi, imemfungia mlango mwenye nyumba. Hapo Kiswahili nacho kina kazi yake, kwa kuwa ndiyo lugha inayotuunganisha na majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007.

Tena kuna kufuli tuliyoitaja. Mwezi wa Januari 2012, mtu mmoja wa Indonesia aliziingilia tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo mmoja na kuzichafua. Idadi hiyo inatosha kuwa somo kwa kila nchi jirani. Adui hakuhitaji kuvunja milango 103. Ikiwa tovuti nyingi zimelazwa chini ya paa moja, na paa hilo lina tundu, mvua huwanyeshea wote. Hakuna mwamuzi wa sura na rangi ambaye angeliliona tundu hilo. Askari anafahamu vizuri kwamba bunduki iliyong'arishwa kwa nje na kuachwa na kutu ndani ya mtutu haipiti ukaguzi, hata kama imemfurahisha mgeni aliyekuja kutazama gwaride.

Baada ya mizani tuje kwa mshika mizani. Nchini Kenya, chama cha waandishi wa blogu kiitwacho BAKE kilianza kutoa tuzo zake mwaka 2012, na wasomaji wakapewa nafasi ya kupiga kura kwa njia ya intaneti. Jambo hilo lina heri ndani yake, maana mtumiaji ndiye ajuaye kiatu kinambana wapi. Lakini kura ya mtandao ina udhaifu wake. Mwenye jamaa wengi huweza kumshinda mwenye kazi bora, na mwenye ujanja huweza kupiga kura mara mia kwa majina mia. Waamuzi peke yao nao wana udhaifu: hujuana, huogopana na hulipana fadhila. Ndiyo sababu tunaona busara katika utaratibu wa kutenganisha tuzo ya waamuzi na ile ya umma, ili kila upande uonekane peke yake na usiweze kujificha nyuma ya mwingine.

Njia ya nchi ndogo kujitokeza duniani ipo. Tangu mwaka 2003, mwaka wa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Jamii ya Habari uliofanyika Geneva, kuna tuzo ziitwazo World Summit Award. Humo kila nchi huteua kazi moja tu katika kila fungu, nchi kubwa sawa na ndogo, na kazi hutazamwa kwa manufaa yake kwa jamii. Katika utaratibu huo, fedha nyingi au idadi ya watu haitoshi kuipa nchi ushindi.

Kwa maoni yetu, iwapo tuzo za namna hii zitaanzishwa kwetu, hazina budi kushika masharti machache. Vigezo vitangazwe kabla ya kazi kupokelewa, wala visibadilishwe njiani. Mwamuzi asiwe mshindani, wala mfadhili asiwe mwamuzi. Kila tovuti ifunguliwe kwanza kwa simu hafifu, mahali penye mawimbi hafifu, kabla ya kufunguliwa mjini. Wataalamu wa ulinzi wa mitandao wawe na neno la kukataa, ili tovuti isiyo na kufuli iondolewe hata kama inapendeza. Na tuzo ikaguliwe tena baada ya mwaka mmoja, maana tovuti nyingi hung'aa siku ya sherehe na kuachwa baadaye kama shamba lisilopaliliwa.

Hapa ndipo askari na polisi wanapohusika. Wao ndio wanaotumwa wakati ambapo habari isiyo sahihi inaweza kugharimu roho ya mtu. Wao pia wana desturi ya ukaguzi usiotazama uso wala cheo. Tunapendekeza katika kila jopo la kupima tovuti za umma awepo angalau mmoja wao, si kwa ajili ya kulinda mlango wa ukumbi, bali aulize swali moja: nikiwa Nyarusange usiku huu, ukurasa huu utanionyesha niende wapi?