Nani Anayeuza Mali Yetu Nje?

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi yetu daftari inalo. Kila mwezi tunatangaziwa hesabu ya biashara ya nje: dhahabu kiasi hiki, korosho kiasi hiki, kahawa, tumbaku na pamba kiasi hiki. Tunaambiwa pia mali hiyo imekwenda India, au Uswisi, au Afrika Kusini. Hesabu ikipanda twashangilia, ikishuka twainamisha vichwa. Lakini liko swali moja ambalo hesabu hiyo haijibu, nalo ni swali la kwanza ambalo mkulima wa Newala au mchuuzi wa Tunduma angeuliza: ni nani aliyeuza?

Wasomaji wetu wasitufahamu vibaya. Hatutaki jina la mtu wala siri ya duka lake. Twataka kujua wauzaji hao ni wangapi. Ni makampuni makubwa au madogo? Yana viwanda, au ni madalali wanaonunua leo na kuuza kesho? Ni mali ya wananchi au ya wageni? Wanaajiri watu wangapi, na katika mikoa gani? Mtu asiyeyajua haya, anajua biashara ya nchi kama mtu anayejua mto kwa kusikia mlio wake tu.

Jambo hili si geni. Wakati wa ukoloni, idara ya forodha ya Afrika Mashariki ilitoa kila mwaka vitabu vinene vya biashara ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Vitabu vile viliorodhesha bidhaa na nchi. Havikumwambia Mwafrika ni nyumba ngapi za biashara zilizoshika mlango wa bandari. Mwafrika alijua mwenyewe, kwa kusoma vibao juu ya milango ya mabohari. Ndiyo maana Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali haikuhitaji kutafuta sana. Makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza nje yalijulikana kwa majina, yakataifishwa, na likaundwa Shirika la Biashara la Taifa.

Leo mambo ni mengine. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa, wauzaji na waagizaji ni wengi, na kibao cha mlangoni hakisemi lolote. Kampuni moja yaweza kuwa na majina matano, na majina matano yaweza kuwa na mwenye mali mmoja aliye ng'ambo. Macho ya mpita njia hayatoshi tena. Panatakiwa daftari.

Habari njema ni kwamba daftari hilo halihitaji kuandikwa upya. Yapo tayari madaftari mawili, ila kila moja limefungwa katika kabati lake. La kwanza liko forodhani. Kila shehena inayotoka au kuingia kwa njia ya halali ina hati yake: bidhaa gani, uzito gani, thamani gani, inakwenda wapi, na namba ya mlipa kodi ya mwenye shehena. La pili liko katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nalo ni orodha ya mashirika na shughuli za biashara: kila moja inafanya kazi gani, iko mkoa gani, ina wafanyakazi wangapi, na ni ya nani. Daftari la kwanza lajua mali lakini halimjui mwenye mali. La pili lamjua mwenye mali lakini halijui anauza nini nje. Ile namba ya mlipa kodi ndiyo uzi wa kuyashona pamoja.

Kila mwalimu anaielewa hesabu hii. Akiwa na daftari la alama za mtihani peke yake, atajua darasa limeshindwa. Akiliweka kando ya daftari la mahudhurio, ndipo atajua kwamba walioshindwa ni wale wanaotembea maili saba kuja shule. Alama hazikubadilika hata moja, bali sasa anajua la kufanya.

Wenzetu wamekwisha fanya kazi hii. Marekani walipounganisha hati za forodha na orodha ya makampuni yao, iligunduliwa kwamba mwaka 2000, kati ya makampuni milioni 5.5, ni asilimia 4 tu yaliyouza nje. Na katika hayo machache, moja ya kumi iliyo juu ilishika asilimia 96 ya thamani yote. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliwekewa sheria mwaka 2009 ya kutoa kila mwaka takwimu za biashara kwa kuzingatia sifa za makampuni. Hawakufanya hivyo kwa kupenda makaratasi. Walitaka kujua makampuni yanayofanya biashara ya nje ni ya namna gani.

Afrika nayo haikuachwa kabisa. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilitoa mkusanyo wa takwimu za wauzaji wa nje katika nchi zipatazo 45, na ndani yake zimo Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini mkusanyo ule ulitokana na hati za forodha peke yake. Waweza kuhesabu wauzaji, na kuona wangapi wameingia na wangapi wametoka. Hauwezi kukuambia kama muuzaji ana mashine na vibarua mia mbili, au ana meza moja na simu.

Je, kuna faida gani ya kujua? Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni korosho. Mkulima wa Mtwara, Lindi au Ruvuma hupeleka korosho zake chama cha msingi, zikauzwa mnadani, na nyingi zikapakiwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ambako watu wengine hulipwa mshahara wa kuzibangua. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada. Mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Siku zile kila kijiwe kiliuliza: hawa wanunuzi ni akina nani, wako wangapi, wana mtaji gani, na je wamo wenye viwanda vya kubangulia? Hayo si maswali ya kujibiwa kwa uvumi wakati moto umekwisha waka. Ni maswali ya kujibiwa kila mwaka, kwa hesabu, kabla msimu haujafunguliwa.

Mfano wa pili uko kwa jirani zetu wa Zambia. Yako miaka ambayo vitabu vya Zambia vilionyesha kwamba karibu nusu ya shaba yake, au zaidi, imeuzwa Uswisi. Vitabu vya Uswisi havikuona shaba hiyo ila kidogo sana. Sababu kubwa ni kwamba walionunua ni wafanyabiashara wenye ofisi Uswisi, na shaba yenyewe ilikwenda kwingine bila kukanyaga huko. Tazama basi hasara ya kuandika nchi bila kumwandika mfanyabiashara: taifa zima linabishana juu ya meli zilikokwenda, na kumbe jambo lilikuwa ni nani mnunuzi, na ana uhusiano gani na muuzaji. Kampuni inapomuuzia ndugu yake wa tumbo moja, bei yaweza kupangwa mezani, na kodi ikapungua kwetu.

Mfano wa tatu unahusu misaada kwa wafanyabiashara wadogo. Kila mwaka twasikia semina za kuwafundisha kuuza nje. Wataalamu wa Marekani, Andrew Bernard na Bradford Jensen, walionyesha mwaka 1999 kwamba huko kwao kampuni nzuri ndiyo inayoanza kuuza nje. Kuuza nje hakukuonekana wazi kuwa ndiko kunakoifanya iwe nzuri. Lakini Johannes Van Biesebroeck, alipochunguza viwanda vya nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, alieleza mwaka 2005 kwamba huku kwetu kiwanda kinachouza nje huongeza tija baada ya kuanza kuuza. Majibu mawili, sera mbili. La kwanza likiwa kweli kwetu, shilingi iende kwanza katika mashine na umeme. La pili likiwa kweli, shilingi iende katika kumfikisha mtu sokoni. Hatuwezi kuazima jibu la nchi nyingine kama mtu anavyoazima mwavuli. Yatupasa tusome daftari letu wenyewe.

Sasa tuwajibu wenye mashaka, maana wapo, na baadhi yao wana haki.

Wa kwanza watasema: siri za biashara zitafichuliwa. Tunajibu kwamba Sheria ya Takwimu ya 2015 inakataza kutoa habari za mtu au kampuni moja. Desturi ya maofisi ya takwimu duniani ni kwamba fungu lenye makampuni machache mno, kwa kawaida chini ya matatu, halichapishwi. Hapa tuseme kweli: katika nchi kama yetu bidhaa nyingine zimeshikwa na kampuni moja au mbili tu, kwa hiyo mafungu mengine yatafichwa. Dawa yake ni kuyaweka katika makundi mapana zaidi. Kulifunga kabati lote si dawa.

Wa pili watasema: huu ni mtego wa kodi. Hofu hii tusiidharau. Mfanyabiashara akidhani karani wa takwimu ni mtoza kodi aliyevaa koti jingine, atadanganya, na daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari. Kwa hiyo tunasema bila kuficha: maji yateremke upande mmoja. Ofisi ya takwimu ipokee habari kutoka kwa mtoza kodi. Mtoza kodi asipokee jina la mtu kutoka ofisi ya takwimu.

Wa tatu watasema: hesabu hii haitamwona mnyonge. Hawa ndio wenye hoja nzito kuliko wote. Mama anayevuka Namanga au Mutukula na magunia yake, akitumia cheti rahisi cha Afrika Mashariki kwa mali isiyozidi dola 2,000, hatambuliwi na orodha ya makampuni. Mwingine hana namba kabisa. Mwingine mali yake imepita chini ya jina la wakala. Na mkulima wa korosho, aliyetoa jasho, haonekani hata kidogo. Anayeonekana ni msafirishaji wa Dar es Salaam, hata ikafanana kana kwamba mikorosho imeota Kariakoo. Tukiyaunganisha madaftari mawili na kulala usingizi, tutakuwa tumewahesabu wakubwa na kuwaita ndio nchi. Kwa hiyo kazi hii isiishie forodhani. Mipakani uwepo uchunguzi wa mara kwa mara wa wafanyabiashara wadogo, na hesabu zao zichapishwe kando ya zile za makampuni.

Basi, Chama kinatakiwa kudai nini? Twaona mambo manne. Kwanza, madaftari ya forodha na orodha ya mashirika yaunganishwe kwa namba ya mlipa kodi kila mwaka, iwe kazi ya kudumu. Pili, matokeo yachapishwe kwa Kiswahili: wauzaji wangapi, wa ukubwa gani, wa kazi gani, wa mkoa gani, mali ya nani. Tatu, makampuni yaliyo chini ya mwenye mali mmoja yahesabiwe kama jamaa moja, lisionekane shamba la wengi mahali palipo na mkulima mmoja. Nne, vyama vya ushirika viandikwe mahali vinapostahili, ijulikane ni kiasi gani cha mali iliyosafirishwa kimetoka mikononi mwao na ni kiasi gani wamesafirisha wenyewe.

Nanyi wanachama msikae mkingoje. Katibu wa chama cha msingi, hakikisha orodha yako ni safi na hesabu yako ni ya kweli. Mwenye karakana au duka, karani wa takwimu akija mpe habari sahihi, naye mtake akuonyeshe kitambulisho na akueleze sheria inayokulinda. Matawi nayo yamuulize mbunge wao, kabla ya kikao cha bajeti: katika mali iliyouzwa nje kutoka wilaya yetu, sehemu gani imeuzwa na watu wa wilaya yetu?

Kama hana jibu, msimlaumu upesi. Mwambieni aende akalidai Dodoma. Uhuru wa bendera tuliupata mwaka 1961. Uhuru wa mali hauwezi kupatikana na watu wasiojua nani anaishika, na kujua huko kunaanzia katika hesabu iliyoandikwa vizuri, ikasomwa na wengi.