Chanjo Ianze Kwetu Wauguzi

Mama wa Nachingwea au Ruangwa hutukabidhi mtoto wake mchanga akituamini. Lakini virusi vya influenza, ambayo si mafua ya kawaida, huweza kuambukiza siku moja kabla mwenye navyo hajaanza kukohoa. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi chanjo hiyo. Hutegemea kinga ya wanaomzunguka. Kwa kuwa virusi hivyo hubadilika, Shirika la Afya Duniani linashauri wahudumu wa afya wachanjwe kila mwaka. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipofika nchini, tuliwekwa miongoni mwa wa kwanza. Basi na hii ifike hadi zahanati za vijijini, nasi tusiikwepe. Kunawa mikono tuendelee, ila peke yake hakutoshi.